Sakafu ya Mama Mwenye Nyumba

Juzi nilimsindikiza rafiki yangu hadi kijijini Murusagamba kutazama nyumba inayouzwa. Kijana wa mama mwenye nyumba alikuwa amebandika marumaru sebuleni ili kuvutia wanunuzi, na rafiki yangu akazikanyaga kwa viatu vyenye matope bila kujali. Chumba cha mama huyo kilibaki na sakafu ya udongo, maana alikataa fundi. Alikuwa ameusiriba kwa samadi na majivu hadi ukang'aa. Mlangoni pa chumba hicho, rafiki yangu akavua viatu.

“Pita tu mwanangu, ni udongo.”

“Ndiyo maana navua, mama. Sakafu hii mtaniachia?”

Mama akatazama viganja vyake. “Nasiriba kila Jumamosi. Udongo nakuachia, mikono naondoka nayo.”

Marumaru zimejaa madukani Ngara. Mikono ile sijui inaagizwa wapi.