Mpaka wa Matete

Nina hasira na matete, na zaidi nina hasira na mkono wangu mwenyewe.

Mama alipouza nusu ya shamba letu la kando ya Ziwa Babati, hati niliiandika mimi. Nilikuwa na mwandiko mzuri, kila mtu akiusifu. Kwetu mpaka wa chini ulitajwa hivyo siku zote: hadi kwenye matete. Nikaandika hivyo hivyo, mashahidi wakatia sahihi, tukanywa chai. Mama akabaki na nusu yake, matuta ya nyanya na sukuma wiki yaliyotulisha tangu baba afariki.

Halafu mji ukaja. Huko juu walifyeka, wakajenga, wakachimba mitaro, na kila masika mitaro ikatuletea tope lao lote, hadi mifuko ya plastiki na kandambili za upande mmoja. Tope likajaa ufukweni, matete yakasogea ziwani, na mnunuzi akasogea nayo. Lori baada ya lori la kifusi, halafu ukuta. Nilipomwambia anaziba njia ya maji, akanitolea hati. Mwandiko ni wangu.

Masika haya ziwa lilijaa, maji yakarudi kwao ufukweni yakakuta kifusi, yakageukia kwa Mama. Matuta yote yakazama. Viboko nao, kwa kuwa njia yao ya zamani ina ukuta, wakapita hapo hapo kwenda kula majani.

Tulikwenda ofisi ya mtaa. Mwenyekiti, mtu mpole mpaka anaudhi, aliisoma hati kwa sauti, polepole, kisha akausifu mwandiko. Akasema ameona maji kwa macho yake, ila maji hayamo kwenye karatasi, matete yamo. Mnunuzi akatikisa kichwa kukubali. Nilitamani niinyakue ile karatasi niimeze.

Tulipofika nyumbani Mama alikwenda kung'oa miche mitatu ya nyanya iliyosalimika, akaipanda kwenye ndoo iliyopasuka, barazani. Hiyo ndiyo bustani yake sasa. Nikamwomba radhi, nikamwambia kesho nitaandika barua niipeleke wilayani.

"Andika," alisema, akishindilia udongo bila kuniangalia. "Ila safari hii uyaambie matete yasitembee."