Mafuta ya Kuchulia Ndani ya Breki

Saa moja asubuhi, Emele Lautafi amelala chali chini ya usukani wa basi la mbao, miguu ikining'inia nje ya mlango. Anapapasa nyuma ya pedali ya breki, anautoa mkono umelowa, anaunusa.

"Sapati," anamwita dereva. "Hebu njoo unuse."

Sapati, mwenye basi, ananusa na kuangua kicheko. "Maua ya mosooi! Basi langu linanukia kama bibi harusi."

"Unacheka nini? Tangu lini mafuta ya breki yakanukia maua?"

Emele ndiye fundi magari pekee katika kijiji hiki cha kusini mwa kisiwa cha Upolu. Kazi na sanduku la spana vyote aliachiwa na marehemu mumewe. Karakana hana, ana turubai lililofungwa kwenye mshelisheli. Wateja wengi humlipa majimbi na samaki, na kipuri kimoja kutoka mjini Apia humeza pato lake la wiki nzima.

"Watu huniuliza kama mwanamke anaweza hii kazi," anasema. "Nawaambia gari lenyewe halijawahi kuniuliza."

Basi la Sapati ndilo linalowavusha watu mlima Mafa. Jumapili hii ni Lotu Tamaiti, siku ya watoto, na watoto wote wa kijiji watavaa nyeupe na kwenda kuimba katika kanisa la ng'ambo ya mlima. Jana basi liliwapeleka mazoezini na kuwarudisha. Penina, binti wa Emele mwenye miaka minane, alikuwemo.

Emele anaifungua masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta hadi kwenye magurudumu yote pedali inapokanyagwa. Alijua inavuja. Hakujua atakuta nini ndani.

Mungu wangu! Mipira yote ya kuzuia mafuta yasivuje imevimba na kulegea, na mmoja umechanika ukingo. Kwenye kikopo cha mafuta kilicho juu yake, utando mweupe umeganda pembeni. Mafuta ya nazi!

"Hebu fikiria," anasimulia. "Mafuta ya nazi kwenye breki, jamani! Kule juu kukipiga baridi yanaganda. Na mwanangu alikuwa humo ndani, anaimba!"

Hakuna haja ya kuuliza ni ya nani. Mafuta ya nazi yenye mosooi hapa kijijini hupikwa na mtu mmoja tu: mama mzazi wa Emele, Bi Fuatino, anayewachua watu viungo vinavyouma.

Sapati kicheko kimemkauka. Anakiri kwamba mafuta ya breki yalikuwa yakipungua kila siku na yeye akiongeza tu, hadi juzi chupa ikaisha. Bi Fuatino alikuwa amesimama pale pale na chupa yake.

"Ukamwachia atie?"

"Emele, mama yako alinichua goti hili nikaacha mkongojo. Akikunyooshea ile chupa, nani atamwambia hapana? Wewe uliwahi?"

Hata Emele hajawahi, wala hakuna mtu hapa kijijini aliyewahi.

Bi Fuatino anafika mwenyewe, chupa kwapani, akiuliza makelele ni ya nini.

"Gari lilikuwa linaguna," anajieleza. "Kila akikanyaga, linaguna. Mtoto akiguna namchua. Sasa kosa langu liko wapi?"

Emele hapandishi sauti. Anamwekea mama yake ule mpira uliovimba kiganjani. "Huu ndio uliowashika jana mkishuka Mafa, mama. Wewe na wajukuu zako."

Mama wa watu anakaa chini kwenye nyasi. "Sasa tulishukaje?" anauliza. "Emele, tulishukaje?"

Anayejibu ni Sapati. Bi Fuatino alikaa kiti cha mbele, sufuria ya palusami mapajani, majani ya majimbi yakielea kwenye tui. Tangu kileleni alimfokea: "Pole pole we Sapati! Tui likinimwagikia utanitambua!" Dereva wa watu akaogopa, akashuka mlima mzima kwa gia ya kwanza.

"Breki sikuigusa mpaka kanisani. Nilipokanyaga, pedali ikazama hadi chini. Nikavuta breki ya mkono. Nikadhani ni uzee wa gari tu, nikawarudisha watoto kwa gia ile ile."

"Uzee!" Emele anajishika kichwa. "Watoto wote wale, halafu unasema uzee!"

Sapati anajaribu kuomba. Abadilishiwe pampu tu, mipira ya breki za magurudumu ingoje sikukuu ipite.

"Thubutu! Mafuta yale yamefika kila kona. Mpira hata mmoja haubaki humo. La sivyo, watoto wataimba hapa hapa."

Ijumaa jioni vipuri vinafika kutoka Apia. Jumamosi kutwa nzima Emele anasafisha mabomba na kubadilisha mipira, kuanzia pampuni hadi gurudumu la mwisho. Inabaki kutoa upepo ulioingia kwenye mabomba, kazi inayohitaji mtu wa kukanyaga pedali. Sapati anasogea, lakini Bi Fuatino keshapanda na kukalia kiti cha dereva.

"Kanyaga, mama. Shikilia. Achia."

Wanarudia gurudumu baada ya gurudumu, hadi pedali inakuwa ngumu.

Emele ana ndoto ya kupata karakana ya bati barabarani, ili kila basi la pwani hii likaguliwe kabla ya siku ya watoto, bure. Lakini kwanza ipite kesho. Kesho atapanda basi hilo pamoja na Penina.

"Tayari, mama. Imeshika. Toa mguu ushuke."

Bi Fuatino hatoi mguu. Ameushikilia usukani kwa mikono miwili, machozi yanamchuruzika.

"Kesho nitabeba sufuria tena," anasema.

"Breki ni nzima sasa, mama."

"Nimesikia. Nitaijaza tui mpaka juu."