Bango la Kijani Mbele ya Foleni ya Maziwa

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuandika majibu ya vijana kabla sijawauliza swali, na nalisema mapema ili msije mkalisikia kwa Mama Ndeshi wa foleni ya maziwa, maana yeye akisimulia hunitilia na kilio, wakati sikulia (lilikuwa jasho tu, limeingia machoni).

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, na mpaka leo najivunia. Zahanati moja huko juu, kwenye migomba na kahawa, ilikuwa na chumba kilichojaa magodoro mabovu, na shirika dogo ninalofanyia kazi hapa Moshi likaomba kigeuzwe chumba cha vijana, mahali ambapo binti wa kidato cha pili au mvulana anayeota ndevu atauliza mambo ya mwili wake bila kufokewa. Tulikubaliwa kwa sharti moja: wageni wa wilayani wakija kukagua wakaona vijana hawakitaki, magodoro yanarudi. Mimi nikapewa kusimamia mipango kwa sababu nilikuwa nimejifunza mwenyewe, kwa video za kwenye simu, chumbani kwangu Majengo, ile namna ya kupanga huduma kwa kuanza na yule atakayeitumia: unakaa naye, unamsikiliza, mnatengeneza kitu cha majaribio, anakijaribu, mnarekebisha. Kwa nadharia nilikuwa moto.

Tatizo ni kwamba naogopa ukimya. Kikao cha kwanza nilibeba vikaratasi vya kunata ili vijana waandike mawazo yao na kubandika ukutani, halafu nikawaza, je, wasipoandika kitu? Basi nikaamua niandike mimi vichache vya kuwachangamsha, na kwa kuwa sijui kuacha kitu nusu, nikaandika mpaka ukuta ukajaa. "Tunataka mlango wa mbele." "Tunataka bango kubwa." Vingine niliandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usifanane (Mungu anisamehe). Vijana walipofika wakasoma, wakatazamana, wakasema sawa kaka. Mtoto wa huku hambishii mkubwa aliyekwisha kujaza ukuta, nami nikauchukua ukimya wao kuwa ndiyo.

Siku ya ukaguzi ikafika, nao wageni wakaja asubuhi. Rangi mpya, mlango mpya unaotazama barabara, na juu yake bango la kijani: CHUMBA CHA VIJANA. UJAUZITO, MAGONJWA YA NGONO, USHAURI. Ng'ambo ya barabara ni pale akina mama wanapopeleka maziwa kila asubuhi, jambo ambalo sikuwahi kuliwaza, maana mimi nilikuwa nafika alasiri pakiwa pamefungwa.

"Aneth," nikamwambia binti mmoja mbele ya wageni, "waonyeshe unavyoingia siku ya kawaida."

Aneth akatazama ng'ambo. "Kaka Eli, ingia wewe kwanza."

"Eeh kaka," akadakia Goodluck, mchekeshaji wao, "na sweta langu hili hapa, uwe mwanafunzi kamili."

Ningekataa ningeonekana siamini kazi yangu. Nikavaa sweta (mikono iliishia kwenye viwiko), nikaenda barabarani, nikarudi kwa mwendo wa kijana mwenye shida. Foleni yote ya ndoo ikageuka.

"Yeleuwi! Huyu si Elibariki, yule ambaye mama yake ni mzee wa kanisa?"

"Shikamoo Mama Ndeshi."

"Marahaba. Unaumwa nini, baba?"

"Nimekuja kupima presha."

Mama mmoja akavaa miwani, akalisoma bango neno kwa neno, kwa sauti. "Ujauzito," akamaliza, "presha haipo."

"Umempa nani mimba, Eli?" akauliza Mama Ndeshi kwa upole ulioniua kabisa. "Sema tu, sisi ni mama zako."

Nikausukuma mlango, umefungwa. Nikagonga. "Subiri, nimedeki!" akajibu nesi kutoka ndani. Basi nikabaki chini ya bango langu, ndani ya sweta la Goodluck, na kabla sakafu haijakauka simu ikaita, mama yangu. "Eli, nimeambiwa. Ni binti wa nani? Nijiandae kwenda kwao?"

Vijana walikuwa wamekaa chini kwa kucheka. Mgeni mkubwa alijifuta machozi, lakini swali lake halikuwa la kuchekesha: "Bango hili mlilitaka ninyi?"

Wakanyamaza. Nikaona magodoro yakirudi. Ulimi ukaanza kuniwasha niwajibie, ndipo nikajisikia nikisema, "Niliandika mimi, mzee. Vikaratasi vyote."

Aneth akasimama. "Chumba tunakitaka sana. Mlango huu ndio hatuutaki. Mama yangu ni yule mwenye ndoo ya bluu."

Mgeni akaitazama ndoo ya bluu, akasema, "Haya, mnataka nini? Nionyesheni." Aneth akawazungusha wote hadi nyuma ya jengo, kwenye bomba wanapokunywa maji wakitoka kucheza mpira, penye dirisha kubwa lililojificha nyuma ya migomba. "Tukiingilia hapa jioni," akasema, "anayeniona anajua nimefuata maji." Goodluck akaongeza kwamba nesi naye asivae sare, na kwa mara ya kwanza wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, wakinisahau kabisa, nami nikawa mtu wa furaha ndani ya sweta linalobana. Mgeni alisema magodoro yabaki hukohuko yalipo.

Nilimweleza Mama Ndeshi ukweli wote. Bado akiniona huuliza kama mtoto hajambo.

Dirisha lile sasa ni mlango, halina maandishi, na jioni benchi la pale bombani halina nafasi. Mimi naenda vikaoni na vikaratasi vitupu, nauliza swali, halafu nanyamaza mpaka mmoja wao aongee.