Mkwe Nyuma ya Kayaba

Siku Wakoli alipomwona Nakhungu kwa mara ya kwanza, alimwona kwa kitambo cha kusalimiana tu. Pikapu ya kitalu cha miche kutoka Bungoma ilisimama mbele ya nyumba kubwa ya Bwana Darshan, nje kidogo ya Kitale. Akashuka mwanamke wa miaka arobaini hivi, kavaa gambuti, kamba ya kupimia shingoni. Derrick, dereva wake, akafuata na jembe.

Bwana Darshan alitaka kukodisha bustani yake kwa harusi, na kitalu ndicho kingeipanda upya. Wakoli, mtunza bustani wa miaka mingi, alikuwa ameambiwa asubuhi hiyo: "Watembeze. Wakisema unafaa, utabaki. Wakikukataa, tutaagana."

Nakhungu akanyoosha mkono. "Mulembe, baba. Wewe ni wa wapi?"

"Lwakhakha," Wakoli akajibu akitazama chini. "Lakini nimeoa Kimilili, kwa mwalimu Mukhisa."

"Mukhisa gani? Mume wa Viola?"

"Huyo huyo."

Mkono ukarudi kama uliogusa kaa la moto. Viola, mama wa mke wa Wakoli, alikuwa dada mkubwa wa Nakhungu, tumbo moja. Wakoli alipopeleka mahari, Nakhungu alikuwa msichana mdogo, akilelewa kwa bibi yake huko Kapsokwony, hivyo hawakuwahi kuonana. Kwa Wabukusu, mama mdogo wa mkeo ni mama mkwe kamili, hata ukiwa umemtangulia kuzaliwa. Hamshikani mikono wala hamtazamani usoni. Mama mkwe akajibanza nyuma ya pikapu, mkwe akatokomea nyuma ya ua wa kayaba.

Derrick alicheka mpaka akaegemea jembe. "Ati mkwe? Na mvi zote hizo! Bana, madam, umezaa mzee!"

Bwana Darshan hakucheka. "Wakoli! Nimesema uwatembeze, wewe unajificha? Kama huwezi kutembea nao, sina kazi yako!"

Wakoli alisikia, lakini alibaki pale pale nyuma ya ua. Ndipo sauti ikaja kutoka upande wa pili wa miiba.

"Mkwe, uko hapo?"

"Niko, mama."

"Hii kayaba inaishia wapi?"

"Inazunguka shamba lote."

"Basi tembea upande wako, mimi wangu."

Wakatembea. Wakoli, ambaye hata watoto wake walimjua zaidi kwa kikohozi kuliko kwa maneno, siku hiyo alizungumza. Alieleza maji yanatuama wapi wakati wa mvua, na waridi lipi halipendi kivuli. Nakhungu naye akasimulia alivyokuwa akifagia kiwandani Webuye, na kazi ilipokwisha akaotesha miche kwenye pakiti za maziwa, akaiuza kando ya barabara kuu.

"Wateja wa kwanza walikuwa madereva wa malori. Hata shamba hawana! Walinunua ili nicheke nao."

Wakoli akacheka kwa sauti.

Walipomaliza mzunguko, Nakhungu alimwendea Bwana Darshan. "Huyu abaki. Hii bustani anaijua."

"Na utafanyaje kazi na mtu anayekukimbia?"

"Sitafanya. Derrick ndiye atakuja."

Kitalu chake kilikuwa hakijawahi kupata bustani kubwa kama ile. Aliitazama kidogo, kisha akaanza kukunja kamba yake. Na kweli hakurudi tena.

Nyuma ya ua, Wakoli alikuwa ameshika makasi na kuanza kupunguza matawi ya ua huo, ili tu mikono ipate shughuli, na mwanya ukaanza kufunguka. Sauti ikamfikia kwa mara ya mwisho.

"Mkwe, acha kwanza kukata hiyo kayaba. Ngoja gari itoke."