Kawa Jekundu

Harufu ya miyaa ya kusukia inayotokota kwenye sufuria ya rangi bado huniendesha moyo mbio. Nilikuwa na miaka tisa, Uhuru unabisha hodi, na Kisauni yetu nzima, hapa Mombasa, inavuma kama mzinga. Malori yalipita na vipaza sauti, hili likidai Mwambao, ukanda wetu wa pwani, ujitenge, lile likidai tuingie Kenya moja, nami niliyakimbilia yote na kuyashangilia yote. Nyumbani haikuwezekana hivyo. Baba alikuwa mtu wa Mwambao na bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja. Mjomba, kaka wa pekee wa mama, kuli wa bandarini, alikuwa mtu wa Kenya. Siku moja walirushiana maneno barazani hata kahawa ikapoa, mjomba akaondoka bila kuaga. Mama alisema tu, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Ramadhani ilipoingia, akawa ananituma kila jioni kwa mjomba, Mishomoroni, na sahani ya futari. Na kwetu sahani hairudi tupu. Hata limau moja, kitu lazima kirudi. Kuirudisha tupu ni kusema: basi, tumemalizana.

Ramadhani hiyohiyo nilisuka kawa langu la kwanza la kufunikia chakula. Koponi ilibaki rangi nyekundu peke yake, nikalitia nyekundu tupu, likawaka! Nililibeba kwa mjomba karibu nikikimbia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ala! Leo shemeji kanipandishia bendera juu ya tambi?"

"Nimelisuka mimi, mjomba."

"Na rangi kachagua nani?"

"Ndiyo iliyobaki."

"Hata hao watu wa bendera husema hivyo," akacheka, lakini macho hayakucheka. Akamimina tambi, akanirudishia kawa na sahani. Tupu.

Njiani nilipiga hesabu zangu zote za woga. Nikisema, mama amempoteza kaka. Nisiposema, sahani itasema. Penye kisima palikuwa na mkunazi. Nikaupanda, miba ikanichana mikono, nikaijaza sahani kunazi mbivu. Adhana ilipolia, mama alifunua kawa, akatazama kwa muda mrefu, kisha akafungua saumu kwa kunazi moja.

"Kesho mwambie mjombako kunazi zake tamu."

Nilimwambia. Mjomba alinitazama usoni, akaitazama mikono yangu iliyochanika, akaingia ndani. Sahani ilirudi na halua. Siku ya Idi alikuja mwenyewe, wakabishana tena yeye na baba, sauti hadi njiani, ila safari hii mikono yote ilikuwa ndani ya sinia moja. Nami niliruka uani kana kwamba Uhuru umefika kwetu kwanza!

Sasa, miaka kumi na mitano baada ya Uhuru, nimemaliza chuo kikuu, na kila neno nalipima mara mbili nisije nikamuudhi mtu. Ndugu siku hizi hugombana kimyakimya, na chakula huletwa kwenye mfuko wa karatasi ambao hakuna anayeungoja urudi. Kawa lipo jikoni, limepauka hata hujui lilikuwa la upande gani. Juzi nilishindwa kuendelea kuificha siri ile, nikamweleza mama. Akacheka hata ushungi ukamwanguka.

"Mjombako ana mkunazi wapi, mwanangu? Nilijua. Na yeye akajua kuwa najua. Tulikuwa tunangoja mtu wa kutudanganya."