Kiti kitupu cha shoga yangu

Kazi yangu ni kuchora picha za vitabu vya watoto, ila kuandika barua kunanishinda. Ndiyo maana mimi na shoga yangu, mchoraji mwenzangu wa mji mwingine, tunaandikiana kwa picha tangu tungali wasichana. Mmoja huchora nusu, mwenzake humalizia.

Tangu nivunjike nyonga, mwanangu hunifungia ndani akienda kazini.

"Mama, ukianguka tena je?"

"Utaniokota. Wewe nimekuokota mara ngapi?"

Juzi ikaja picha ya baraza ya shoga yangu: yeye mwenyewe, vikombe viwili, na kiti kitupu. Ananiita nikamwone.

"Si ujichore tu umekaa hapo?" mwanangu akasema.

"Sichori uongo mimi."

Kiti nikakiacha vilevile. Pembeni nikachora mlango wangu, na kufuli kubwa kwa nje.

Akaitazama weee. "Sasa mimi nimekuwa bwana jela?"

"Wewe sijakuchora. Nimechora kufuli."

Akaitia kwenye bahasha aipeleke posta. Mlangoni akauliza aniletee nini akirudi.

"Wino mweusi," nikamwambia, "chupa kubwa. Naona humu ndani nitakaa sana."