Kijiji cha Sir na Begi Langu

Kabla sijafika Dubai sikujua kwamba Uswisi ina vijiji. Nilidhani ni benki na theluji tu. Sir aliyeniajiri kazi za ndani mtaani Mirdif alinitoa ujinga huo wiki ya kwanza, nikiwa nimesimama na sahani mbili za supu mikononi. Alizaliwa katika kijiji kidogo cha mpakani: mto katikati, daraja moja, ng'ambo Italia. Historia yake nikaijua kuliko ya kwetu. Kuna kanisa lililoungua likajengwa tena palepale. Kuna kengele ambayo haijawahi kuchelewa. Na watu wake ni wachapakazi, wanyamavu, waaminifu kupindukia. Ukiangusha pochi Jumatatu, Ijumaa utaikuta hapohapo, imefutwa vumbi. Madam, mkewe, hakuwa wa huko, na kila aliposikia neno "kijiji" alichukua simu yake akapanda juu.

Sheria za kijiji zilisafiri na sir hadi Uarabuni. Jumapili ilikuwa marufuku kufua, maana kwao nguo kwenye kamba siku ya Bwana ni aibu. Lakini Dubai wakati huo Jumapili ilikuwa siku ya kazi. Sir mwenyewe alikuwa ofisini tangu asubuhi, na kanisani hakanyagi. Mimi niliyesali nilisali Ijumaa, kama Wakristo wengi wa mji huu, kwa sababu ndiyo siku tuliyopewa kupumzika. Basi kila Jumapili nilikaa nikitazama shuka chafu, kwa heshima ya Mungu wa kijiji kile.

Hayo niliyacheka. Ya langoni sikuyacheka. Kila Ijumaa nikitoka, sir alisimama pale na kuniambia nifungue begi.

"Si kwamba nakushuku," alisema. "Ni desturi. Kwetu kila mtu alifungua begi darajani, hata padri. Hakuna aliyeona vibaya."

Mimi niliona vibaya. Niliona vibaya kila alipogeuza leso yangu, Biblia yangu, pedi zangu. Nilinyamaza kwa sababu visa yangu ilikuwa mikononi mwake, na dada mmoja wa nyumba ya jirani alishapandishwa ndege kurudishwa kwao kwa tuhuma ya kuiba pafyumu ambayo baadaye ilionekana kwenye gari la madam wake.

Kisha mama yake sir akaja kututembelea. Alikuwa bibi mdogo wa umbo, amevaa sketi mbili, moja juu ya nyingine, katika joto lile. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama changu cha mwanzo, kwa hiyo tulielewana sana. Alikaa jikoni akimenya viazi, akaniita binti, nami nikamwita bibi. Nilimpenda.

Ijumaa moja mkono wa sir uliingia hadi chini ya begi, ukatoka na pakiti ya kahawa. Ilikuwa kahawa ya kabati lake, imeviringishwa ndani ya leso yangu.

"Khalas, imekwisha," alisema sir. "Kesho nampigia wakala aliyekuleta. Visa tunaifuta."

"Sir, haki ya Mungu sijui imefikaje humo."

Alikuwa na huzuni, kana kwamba nimeiba ile kengele ya kanisani.

Bibi akatoka na ndala zake. Aliitazama ile pakiti bila mshangao wowote.

"Ni mimi," alisema kwa Kiingereza chake kibovu. "Ni zawadi yake."

"Zawadi? Mama, ilikuwa chini kabisa, imefichwa!"

"Sasa ungeiweka wapi?" Sasa ndipo akashangaa. "Kwetu nani anapita na kitu mkononi?"

Hapo langoni nikasimuliwa historia ya kijiji kwa mara ya pili. Kijiji kizima kiliishi kwa magendo. Kahawa upande wao ilikuwa rahisi, ng'ambo ilitozwa ushuru wa kutisha. Wanawake waliibeba ndani ya sketi, padri ndani ya joho. Na kwa kuwa mtoto mchanga hapekuliwi, bibi alisukuma kigari cha mtoto darajani kila siku ya soko: kahawa chini, godoro jembamba, na juu yake sir.

"Afisa alikufinya shavu," alimwambia. "Akiuliza harufu, nilimwambia nanyonyesha na kahawa naipenda. Wewe ulikuwa mtulivu sana. Hukutuangusha hata siku moja."

Sir aliiva uso mpaka masikioni. Bibi akamwamuru arudishe kahawa mahali alipoitoa. Sir akaiviringisha kwenye leso, akaisukuma chini ya Biblia, akafunga zipu mwenyewe. Kisha akaomba radhi. Aliomba vizuri, mkono kifuani, kwa lugha yao kwanza, halafu kwa Kiingereza ili nami nisikie. Alimwomba radhi mama yake.

Nilisubiri zamu yangu. Alipomaliza alinigeukia, na kwa kweli nilikuwa tayari kumsamehe. Akatazama saa, akaniambia niharakishe, basi lingeniacha.